Funga mzigo tutoke mjini

Wanaokuja bandani kwangu Buguruni kushonesha mifuko ya baiskeli huwa wameshaangalia video nyingi kabla ya kufika. Wananitajia hema lisilofika kilo moja, fuko la kulalia la manyoya ya bata, jiko la gesi linalokunjwa likaingia kwenye kikombe. Nawasikiliza hadi wamalize, kisha nauliza: hicho kitu kikiharibika ukiwa Maneromango, huko ndani Kisarawe, nani atakitengeneza? Kazi yangu ni kushona viti vya magari na maturubai ya malori. Riziki yangu nimeipata kwa vitu ambavyo wenyewe walishavikatia tamaa. Ndiyo maana nikitoka nje ya Dar, iwe kwa baiskeli au kwa miguu, kila ninachobeba nakipima kwa mkono wa fundi wa kijijini. Asichoweza kukigusa yeye, mimi sikibebi.

Halafu vifaa vingi vinavyosifiwa kwenye hizo video vimetengenezwa kwa ajili ya baridi. Aliyevibuni alikuwa anawaza theluji. Sisi adui zetu ni joto, jasho, mchanga, mbu, chumvi ya bahari na mvua ya masika inayopiga kutoka ubavuni. Mtu anayelala Kimbiji mwezi wa pili, usiku joto likiwa nyuzi 25 au zaidi, ana shughuli gani na manyoya ya bata?

Tuanze na baiskeli yenyewe. Simama alfajiri pale Gongo la Mboto utawaona wauza mkaa wakiingia mjini kutoka upande wa Kisarawe. Baiskeli ni Phoenix, ile ndefu nyeusi yenye breki za vyuma, yenyewe tu ina zaidi ya kilo 20, na nyuma yamepangwa magunia hadi usimwone anayeendesha. Keria ile haikutoka dukani. Imechomelewa kwa nondo na miguu yake imefungwa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, ili uzito ushuke chini. Mipira ya kufungia imekatwa kutoka tyubu za magari. Kwenye kilima wanashuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mti uliofungwa nyuma ya kiti. Wale ndio walimu wangu wa mzigo. Biashara yao inaniuma, kwa sababu nimeona msitu wa Kazimzumbwi unavyoliwa pembeni, lakini hakuna mtu hapa nchini anayejua kufunga uzito juu ya magurudumu mawili kama wao.

Mimi naendesha baiskeli ya gia ya mtumba kutoka Japani, fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26. Chuma nimekichagua kwa makusudi. Fremu ya chuma ikipasuka, yule anayechomelea magrili ya madirisha anaiunga kabla chai haijapoa. Ya alumini inataka mashine na gesi ambazo njiani hazipo. Ya kaboni ikipasuka, safari imeisha.

Inchi 26 nayo ina sababu yake. Vijijini utapata saizi mbili bila kuhangaika: 28 ya Phoenix na 26 ya zile tunazoziita za milima. Wenye baiskeli za inchi 29 nawaomba wabebe tyubu mbili na tairi la akiba kama wanakwenda mbali, wala wasijidanganye kwamba 28 na 29 zinakaribiana. Rimu ya 29 kipenyo chake ni milimita 622, ya Phoenix ni milimita 635. Namba ndogo iliyoandikwa pembeni ndiyo rimu kubwa. Tairi la Phoenix litapwaya kwenye rimu ya 29, na duka la kijijini halina lingine. Tyubu chagua zenye valvu nene kama ya gari, maana pampu ya bodaboda itaingia na kompresa ya gereji itaingia. Ile valvu nyembamba ya baiskeli za mashindano inabidi utembee na kiungio chake, na kiungio ni kidogo, hupotea. Matairi yasiyo na tyubu yenye maji ya kujiziba ni mazuri kwenye miiba, nakubali, ila kwa joto letu yale maji hukauka upesi, na tairi likiachia rimu unahitaji upepo wa nguvu kulirudisha. Solusheni, kiraka na msasa vinanitosha.

Cheni napaka mafuta ya cherehani. Nayo yapo bandani, lakini sababu si hiyo. Wengi hupaka oili chafu ya gari, nzito, na ile hubeba mchanga wote wa barabara ukawa msasa unaokula meno ya gia. Mafuta mepesi unapaka tone moja kila kiungo, unazungusha pedali, unafuta kwa kitambaa hadi cheni ionekane kavu kwa nje. Yanaisha mapema, hivyo unarudia kila jioni. Kichupa chake kinaingia mfuko wa shati.

Sasa mifuko, maana hapa ndipo penye kazi yangu na siwezi kupita haraka.

Kitambaa bora kwa mifuko ya pembeni ya baiskeli ni turubai la lori, lile la poliesta lililopakwa plastiki pande zote mbili. Lori linapobadilishiwa turubai, sehemu za pembeni zimechakaa ila katikati bado pazima, na mafundi wenzangu huniuzia vipande vile kwa bei ya kuelewana. Maji hayapiti kwenye kitambaa hicho. Yanapita kwenye matundu ya sindano. Mfuko mmoja una mamia ya matundu, na kila moja ni njia ya maji. Kwa hiyo chini siweki mshono kabisa: kipande kimoja kinaanzia mgongoni, kinapita kitakoni na kupanda mbele, halafu nashona mbavu tu. Pindo nalikunja mara mbili, napiga mistari miwili kwa uzi wa poliesta. Wa nailoni una nguvu unaponunuliwa, lakini jua letu linaula upesi zaidi. Nikimaliza nachukua nta ya nyuki niliyoianika juani ikalainika, naisukuma kwenye mshono kwa kidole gumba hadi iingie matunduni. Kazi hiyo inachosha kidole kuliko kushona kwenyewe, na sijaona njia ya mkato yenye kuaminika.

Zipu siweki kwenye mfuko wa nje. Mchanga ukiingia kwenye meno, kichwa cha zipu kinachakaa, kinapita na nyuma yake zipu inafunguka. Mdomo wa mfuko naufanya mrefu, unakunjwa mara tatu na kubanwa na mkanda. Kama una begi au hema lenye zipu inayoachia, usilitupe. Shika koleo, bana kichwa cha zipu taratibu, upande huu kisha upande ule, halafu sugua mshumaa kwenye meno. Mara nyingi tatizo huwa ni kile kichwa kilichotanuka, meno yenyewe ni mazima. Wateja huja kwangu wakitaka zipu mpya wakati hawakuihitaji, na hilo nawaambia kabla sijachukua hela yao.

Kuna ndoano za plastiki ambazo mifuko ya dukani huning'inizwa nazo kwenye keria. Zikivunjika, mfuko unaingia kwenye spoki na gurudumu linakwama hapohapo. Mimi nashona mikanda miwili mipana inayozunguka chuma cha keria, na chini naweka mpira wa tyubu wa kuuvuta mfuko usirukeruke kwenye mashimo. Mkanda ukikatika, kamba ya katani inachukua nafasi yake. Ndani nguo na unga vinakaa kwenye salfeti ya sukari, ile yenye nailoni kwa ndani. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019 wengi wamehangaika cha kufungia vitu visilowe, na salfeti iko kwa kila muuza duka, inangoja kuombwa.

Vitu ambavyo siwezi kushona navitafuta Karume. Soko lile liliungua Januari 2022 na wafanyabiashara wakarudi wakajenga tena, na hadi leo ukifika mapema robota linapofunguliwa unaweza kupata koti la mvua la maana. Lakini hema na viatu vya mtumba vina ugonjwa wao ambao muuzaji hatakuambia, pengine haujui. Hema nyingi zimepakwa utando wa plastiki laini kwa ndani. Utando ule ukikaa miaka kwenye joto na unyevunyevu, maji ya hewani yanauvunja kidogokidogo. Ingiza mkono ndani, sugua kitambaa kwa kidole. Ukikuta kinanata, au kinatoa maganda meupe, au kinanuka kama maziwa yaliyochacha, liache hapo. Hakuna fundi wa kulitibu. Viatu vya kupandia milima navyo, soli ya kati mara nyingi ni povu la aina hiyohiyo. Kiatu kinang'aa, ngozi safi, unakwenda nacho siku ya kwanza soli inabaki njiani vipandevipande. Kabla ya kulipa kikunje kwa nguvu, kisha bonyeza ile soli ya kati kwa ukucha. Ikimeguka, asante, tunaendelea kuchagua.

Barabara ninayoipenda kuliko zote inaanzia karibu na nyumbani kwangu Ukonga. Unapita Gongo la Mboto, unapita karibu na mnada wa ng'ombe wa Pugu ambako malori ya mifugo yanataka heshima yako yote, kisha unaanza kupanda. Vilima vya Pugu na Kisarawe si virefu, ni kama mita 300 tu juu ya bahari, lakini kwa mtu wa Dar aliyezoea bonde la Msimbazi vinatosha kumfanya ashuke. Huko juu ndiko iliko Pugu Sekondari, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi mwaka 1955 alipoacha ualimu ili aitumikie TANU. Nikiwa na vijana huwa nawaonyesha, tunapumzika, tunakunywa maji, tunaendelea.

Misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi imeungana, na ni mabaki ya msitu wa pwani yaliyo jirani na jiji letu. Ipo miti humo iliyopewa jina la Pugu na wataalamu kwa sababu huko ndiko ilikotambuliwa. Kuna mapango ya kale ya machimbo ya udongo mweupe wa kaolini, popo wamejaa. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Unakwenda ofisini kwao, unapewa namba ya malipo, unalipa ada ya kuingia, unapewa mtu wa kukuongoza. Nawasikia wenzangu wakitafuta vichochoro vya kukwepa ile ada. Msifanye hivyo. Msitu unaotembelewa na watu wanaolipa una sababu moja zaidi ya kuachwa usimame, na ukisimama juu ya kilima jioni ukaangalia upande ambao miti imekwisha na upande ambao bado ipo, hutahitaji kubembelezwa.

Kutoka Kisarawe mjini kuelekea Maneromango hali inabadilika. Kuna mchanga mwekundu, kuna mchanga mweupe, na kuna sehemu za udongo mweusi ambazo kiangazi zina nyufa na masika hazipitiki kwa chochote. Kwenye mchanga punguza upepo wa matairi, shika gia nyepesi, angalia mbali, usukani uache ucheze kidogo, usipambane nao. Ukikamata breki katikati ya mchanga umelala. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kipupwe kikiwa na upepo wake. Mbele zaidi kusini unaelekea upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na huko hakuna kujiendea na baiskeli kichwa mbele. Wanyama hawasomi mipaka. Waulize wenyeji kila kijiji, na wakisema geuka, geuka.

Kulala ndiko kunakowachanganya watu wa mjini. Wanadhani pori ni pori, unatandika popote. Ardhi hiyo ni ya kijiji, na mgeni aliyewasha taa usiku shambani kwa mtu anaweza kuamshwa vibaya. Sisi jua likianza kushuka tunaingia kijijini, tunauliza kwa mwenyekiti au kwa mtendaji. Safari moja nikiwa na shemeji yangu tulimkuta mzee amekaa barazani anasuka ukindu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Na baiskeli hizo mnatokea wapi?"

"Tunatokea Ukonga, mzee. Tunaomba mahali pa kujiegesha hadi asubuhi."

Hakutujibu moja kwa moja. Aliita mjukuu wake alete maji ya kunawa, akauliza habari za wazazi wetu, akauliza ukoo wa shemeji yangu ambaye ni Mzaramo, na walipopata ndugu wanayemfahamu wote wawili tukaonyeshwa mwembe uliofagiwa chini yake. Usiku mtoto alituletea mihogo ya kuchemsha. Asubuhi tulimwachia bibi wa nyumba sukari na majani ya chai, tukaaga vizuri. Katika mzigo wangu daima kuna sukari na majani ya chai ambavyo si vyangu, na ninavihesabu kama vifaa.

Chini ya ule mwembe tulilala kwenye turubai jepesi lililofungwa kwa kamba mbili, chini mkeka, juu chandarua. Hema la kufunga pande zote, kwenye joto la pwani, linakukusanyia jasho hadi utoke nje, na nje kuna mbu. Chandarua chenye dawa, vile vinavyotengenezwa Arusha, kile cha duara kinachoning'inizwa kwa kamba moja, ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote ninavyobeba, na nasema hivyo kama mtu aliyefiwa na ndugu yake kwa malaria. Pindo lake lichomekwe chini ya mkeka pande zote. Shuka moja, kanga moja. Kanga unajifunika, unajifutia, unachujia maji, unafunga kichwani jua likizidi, na ukiifua inakauka kabla hujamaliza kula.

Shemeji alikuwa na hema la dukani. Mti wake wa alumini ulipasuka kwenye kiungo palepale Maneromango. Fundi baiskeli aliutazama, akachukua spoki tatu, akazikata, akazipanga kuzunguka ule ufa na kuzungushia mpira wa tyubu kwa kuvuta sana. Kazi ya dakika chache. Hema lile bado linasimama kwa spoki zilezile.

Upande wa pili wa jiji kuna safari ya bahari, na hiyo inaongozwa na mwezi. Unavuka na kivuko cha Magogoni, baiskeli inalipiwa na wewe unalipa, unafuata barabara ya Mjimwema hadi Gezaulole na kuendelea kusini kuelekea Kimbiji. Raha yake ni kuendesha ufukweni wakati maji yamekupwa. Mchanga mkavu wa juu haufai, unazama. Ule uliolowa na kuachwa na maji unakuwa mgumu kuliko barabara. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yanafika chini kabisa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo siku ya bamvua ingia ufukweni saa mbili maji yakiwa yanatoka, na ifikapo saa sita uwe umeshapanda juu. Siku za maji mafu, yasipopanda wala kushuka sana, usijisumbue, ukanda wa mchanga mgumu ni mwembamba. Njiani kuna mikoko, kuna vijito, kuna miamba ya matumbawe ambako unabeba baiskeli begani. Waulize wavuvi, wao ndio wanaojua kijito kipi kinavukika leo.

Ubaya wa safari hiyo ni chumvi. Inakula cheni, inakula gololi za magurudumu, inagandisha nati. Usiku uleule ukifika penye maji baridi, mwagia baiskeli kwa kopo, polepole, usitumie mpira wenye nguvu maana utasukuma chumvi ndani ya ekseli. Kausha, paka mafuta. Ukingoja kesho cheni ina kutu. Nikirudi nyumbani nafungua magurudumu yote mawili, naosha gololi kwa mafuta ya taa, naweka grisi mpya.

Kwa miguu, mahali pangu ni milima ya Uluguru. Tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro mwaka 2024, mtu wa Dar anaweza kuondoka asubuhi na akala chakula cha mchana akiwa anapanda mlima. Hapa ndipo ninapobadilisha mzigo wote, maana kanuni za pwani hazifanyi kazi. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya bahari, kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi sita hivi. Fanya hesabu, ongeza upepo, ongeza nguo iliyolowa. Miteremko ya mashariki ya milima ile hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar. Huko fulana ya pamba ni hatari. Pamba inanywa maji na kuyashikilia, nawe unatetemeka katikati ya Tanzania. Vaa fulana ya poliesta, ile ya mpira wa miguu inatosha kabisa, beba sweta la sufu la mtumba na koti la mvua lenye kofia. Hema la kufunga pande zote huku ndiko kwao.

Viatu navyo. Kwenye barabara kavu ya Kisarawe natembea na katambuga, zile zilizokatwa kwenye tairi la gari, sina wasiwasi na mwiba wala changarawe. Kwenye udongo uliolowa wa Uluguru katambuga zinateleza, mguu unazunguka ndani yake. Raba yenye meno marefu, soksi mbili, na kamba ifungwe vizuri kwenye kifundo wakati wa kushuka ili vidole visigonge mbele. Waluguru wenyewe nimewaona wakishuka na mizigo ya karoti na ndizi kichwani, peku, kwenye njia ambayo mimi nashika miti. Unasimama pembeni, unawaamkia, unawapisha. Wao wako kazini.

Kibali cha kuingia msitu wa hifadhi kule juu kinatolewa mjini, na mwongozaji mwenyeji ni lazima ukimtaka usimtake, kwa sababu ukungu ukishuka njia inapotea ukiwa umesimama juu yake. Ukipita lile jengo la zamani la Wajerumani pale Morningside ukaendelea hadi kwenye msitu wenyewe, utasikia maji kila upande. Sehemu kubwa ya maji hayo huishia mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayotunywesha. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inasukuma maji hadi bombani Ukonga. Nilipoliona hilo kwa macho, nilikaa kwenye jiwe muda mrefu. Kila ninayempeleka kule nataka akae kwenye lile jiwe.

Maji ya kunywa njiani: lita moja ni kilo moja, hakuna kifaa chepesi cha kuikwepa hesabu hiyo. Kwenye joto la pwani nabeba lita nne na najaza kila kijiji. Ya kisima au ya mto nachuja kwanza kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha naweka kidonge cha klorini kinachouzwa duka la dawa, nangoja nusu saa. Kuchuja ni lazima kwa sababu klorini hupoteza nguvu kwenye maji ya tope. Chakula ni kashata, tende, karanga, chapati za jana. Moto nawasha jioni tu, kwa vijiti vilivyoanguka.

Wengi mmeniuliza kipimo cha mfuko wa katikati ya fremu, ule wa pembetatu. Sina kipimo kimoja, fremu hazifanani. Chukua boksi gumu la katoni, liegemeze kwenye baiskeli, chora kwa ndani ya mabomba yote matatu, kisha kata ukipunguza kidole kimoja kila upande ili mfuko usibanwe na miguu isiusugue. Lijaribu boksi mahali pake huku ukikanyaga pedali. Likigusa goti, punguza upana, usipunguze kimo. Niletee boksi hilo, baiskeli unaweza kuiacha nyumbani. Na ukitaka kushona mwenyewe, sindano iwe namba 18, hatua ya mshono iwe ndefu kidogo, maana matundu yakisogeleana sana turubai linachanika kwa mstari.